Pigo Halimsubiri Msomaji: Majibu kwa Wanaojifunza Kusoma Nota

Tangu safu hii iguse suala la kusoma nota, barua nyingi zilizofika mezani pangu zimekuwa na kilio cha aina moja. Wasomaji wanaeleza kwamba majina ya nota wanayajua, do wanaweza kuipata popote ilipowekwa, lakini wimbo mpya ukifunguliwa mbele yao hawavuki kipimo cha tatu, yaani fungu la tatu la mapigo kati ya mistari ya wima. Nimezisoma barua hizo kwa makini, na karibu katika kila moja kinachomkwamisha mwandishi ni ridhimu, yaani mpangilio wa nota ndefu na fupi juu ya pigo linaloendelea kutembea bila kumngoja mtu. Kwa hiyo safari hii tutashughulika na ridhimu peke yake, na nimechagua barua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo Mwalimu. Ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, huu ni mwaka wa tatu. Tonikisolfa, yaani nota za herufi d, r, m, ninaisoma, lakini mwalimu wetu mpya anatuletea nyimbo zilizoandikwa kwenye mistari mitano. Nikiwa katikati ya wenzangu ninaimba vizuri, nikiambiwa niimbe peke yangu ninapotea. Nianzie wapi? – Msomaji, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Nianze na jambo ulilolitaja kama la kupita, kwamba ukiwa na wenzako unaimba vizuri. Nilipokuwa msichana nilikaa kwenye kwaya karibu miaka miwili nikihesabiwa miongoni mwa wanaosoma, ilhali niliyekuwa nikimsoma ni dada aliyesimama kuliani kwangu. Yeye alianza kila neno, nami nikalidaka mara tu lilipomtoka, na muda uliopita kati yetu ulikuwa mdogo kiasi kwamba hakuna aliyeugundua, nikiwemo mimi mwenyewe. Jumapili moja hakuwepo, tukapewa zaburi mpya, na palipofika alama ya kimya ya pigo moja, niliingia peke yangu huku watu wote wametulia. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu namwomba asome mistari minne peke yake, chumbani mwake, kabla hajaisoma na kundi, ili ajue ni kipi anakisoma na ni kipi anakifuata.

Habari njema ni kwamba tonikisolfa uliyonayo tayari imekufundisha ridhimu. Mfumo huo ulianzia kwa Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na John Curwen kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakauleta katika makanisa yetu. Ndani yake urefu wa nota huonekana kwa nafasi na vituo: nukta pacha hutenganisha pigo na pigo, nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu, mkato huigawa nusu hiyo tena, kistari hurefusha sauti iliyotangulia, na pengo tupu ni kimya. Tazama mstari huu:

| d : d.d | d : – |

Kwenye mistari mitano utaandikwa krocheti moja (pigo zima), kwava mbili zilizofungwa pamoja (kila moja nusu ya pigo), kisha minimu (mapigo mawili). Kilichobadilika ni vazi tu. Curwen aliazima kwa Mfaransa Aimé Paris majina ya kutamkwa, na mstari wetu ungetamkwa *taa, taatai, taa-aa*, huku pigo lililogawanywa mara nne likiitwa *tafatefe*. Chukua wimbo mmoja mfupi unaoujua kwa tonikisolfa, uandike upya kwa nota za mistari mitano ukitumia mstari mmoja tu, kwa sababu hapa hatuhitaji juu na chini, kisha uusome kwa kupiga makofi. Fanya hivyo kwa nyimbo tatu au nne. Mkono unaoandika kwava mbili juu ya neno ambalo sikio limelizoea huzitambua kwava hizo haraka zinapotokea mahali pageni.

Sasa niseme jambo ambalo, kwa maoni yangu, walimu wetu hawalitumii vya kutosha. Vitabu vingi vya muziki humwagiza mwanafunzi ahesabu kwa kutia neno dogo katikati ya namba ili apate nusu ya pigo, na sisi tumezoea kusema “moja na mbili na”. Kiswahili hakihitaji hicho kiraka. Moja, mbili, tatu na nne kila moja ina silabi mbili: *mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne*, kwa kuwa ile *n* ya nne husimama kama silabi kamili. Tena mkazo wa neno lenye silabi mbili huangukia silabi ya kwanza, mahali palepale ambapo pigo huangukia. Ukihesabu hadi nne kwa mwendo wa saa ya ukutani, pigo moja kila sekunde, umeshapata kwava nane zilizopangwa vizuri bila kujitaabisha.

Faida yake utaiona kwenye krocheti yenye nukta, yaani pigo moja na nusu, inayofuatwa na kwava, ambayo huwaangusha wanafunzi wengi kuliko alama nyingine yoyote ninayoijua. Kwa tonikisolfa ni | d : – .d |. Hesabu kwa sauti *mo-ja, mbi-li*. Piga kofi kwenye *mo*, acha viganja vishikane wakati *ja* na *mbi* zinapita, kisha piga kofi la pili kwenye *li*. Kofi likiangukia *mbi*, umepiga krocheti mbili. Usiondoke hapo mpaka *li* ipate kofi lake mara tano mfululizo. Ukimaliza, jaribu makofi matatu, *mo*, *ja* na *li*, ambayo ni kwava, krocheti, kwava. Utatambua mara moja mwendo unaousikia kila siku katika nyimbo za dansi.

Mwalimu, nina miaka arobaini na miwili na ninajifunza kinanda kwa saa moja kila jioni. Ninarudia zoezi mpaka nalipata bila kosa, lakini nikifungua ukurasa unaofuata ni kama sijawahi kujifunza. Je, umri umenipita? – Msomaji, Dodoma

Umri haujakupita, ndugu yangu, na bidii yako ni kubwa kuliko ya wengi. Tatizo limejificha ndani ya neno ulilolitumia wewe mwenyewe, “ninarudia”. Mara ya kwanza unapopitia zoezi, unasoma. Mara ya pili unasoma kidogo na kukumbuka kidogo. Kufikia mara ya sita vidole vinajua njia na macho yako yangeweza kufumbwa bila hasara yoyote. Saa yako moja, basi, ina dakika chache za kusoma, na nyingine zote ni za kukariri. Kukariri kuna kazi yake, maana hakuna anayepanda jukwaani bila huko, lakini hakufundishi jicho kupambana na ukurasa mgeni.

Mwenye kutaka kusoma anahitaji kitu kipya kila siku, na najua fika kwamba vitabu vya mazoezi ni ghali na katika miji mingi havipatikani. Kwa hiyo tengeneza chako. Kata boksi la kawaida upate kadi 32 za ukubwa wa kiberiti. Kadi nane ziandike krocheti moja moja, nane nyingine kwava mbili zilizofungwa, nane alama ya kimya ya krocheti, na nane za mwisho semikwava nne, kila moja robo ya pigo. Kila kadi ni pigo moja. Zichanganye, kisha panga nane kwa mstari mezani, nazo zitakuwa vipimo viwili vya mapigo manne manne. Kwa aina nne za kadi katika nafasi nane kuna mistari 65,536 tofauti, kwa hiyo hata ukisoma mistari ishirini kila siku, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, hutaimaliza. Baadaye ongeza kadi pana za upana wa kadi mbili, zenye minimu, na nyingine pana zenye krocheti ya nukta pamoja na kwava yake.

Namna ya kuzisoma ni hii. Gonga mguu mapigo manne kabla ya kuanza, polepole, kwa mwendo ambao kadi ngumu kuliko zote mstarini unaweza kuipiga. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huchagua mwendo kwa kutazama kadi ya kwanza, ambayo mara nyingi ni rahisi, na wakizifikia semikwava mwendo unavunjika. Ukishaanza, usisimame. Ukikosea kadi ya tatu, ya tatu imekwenda. Jicho liwe tayari kwenye ya nne. Soma mstari mara moja, au mara mbili ukilazimika, kisha uchanganye upya. Nakushauri ufanye hivyo kwa dakika kumi tu mwanzoni mwa ile saa yako, na mazoezi ya kukariri yafuate.

Baada ya wiki mbili tatu, ongeza jambo moja dogo lenye nguvu. Mwombe mtu wa nyumbani, hata mtoto, aifunike kwa karatasi kila kadi mara tu unapoanza kuipiga. Utalazimika kuwa umeshaisoma kabla ya zamu yake kufika, na hivyo ndivyo wasomaji wazoefu wanavyofanya: mikono iko kwenye pigo hili, macho yameshatangulia kwenye yajayo. Siku za kwanza utahisi kama mtu anakupokonya chakula mdomoni. Vumilia, na usiongeze mwendo.

Kuhusu alama za kimya, usizipite kama mashimo barabarani. Zinapofika, tenganisha viganja na uvigeuze nje kwa pigo zima huku ukinong’ona *saa*, jina ambalo wafuasi wa Curwen walilipa pigo la kimya. Mwili ukipewa kazi wakati wa kimya hauharakishi kuingia. Nota ndefu nazo zina haki hiyohiyo: minimu iliyoanza kwenye pigo la kwanza inaishia pale pigo la tatu linapoanza, na anayeiachia kwenye *mbi* ameila nusu nzima.

Mwalimu, hujambo. Kuna wimbo tuliopewa ulioandikwa 6/8. Mwalimu wetu anahesabu mbili, mimi kwenye karatasi naona sita. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Mombasa

Sijambo, na nyote wawili mko sahihi, ila mwalimu wako anahesabu mapigo na wewe unahesabu kwava. Kipimo cha 6/8 kina kwava sita zilizofungwa mafungu mawili ya tatu tatu, na kila fungu ni pigo moja lenye urefu wa krocheti na nukta. Kipimo cha 3/4 nacho kina nafasi ya kwava sita, lakini huko mafungu ni matatu ya mbili mbili. Tazama mikia ya nota: namna ilivyounganishwa ndiyo inayokuambia pigo linaanzia wapi, na msomaji anayesoma mafungu badala ya nota moja moja husoma kwa utulivu zaidi.

Wewe uliyeko Mombasa una hazina ambayo wengine hawana. Ukisimama karibu na ngoma ya chakacha, huku ngoma zake msondo, vumi na chapuo zikipokezana, mwili wako unalisikia lile fungu la kwava sita likigawanyika mara mbili, na ukisikiliza upande mwingine unalisikia likigawanyika mara tatu. Uelewa huo unao tayari kiunoni na miguuni. Unachokosa ni kuuhusisha na wino.

Kwa hesabu, zile namba zetu zenye silabi mbili hazitakusaidia hapa, maana tunataka tatu tatu. Ukichukua neno la silabi tatu kama *karibu*, mkazo unaangukia katikati, *ka-RI-bu*, nasi tunautaka mwanzoni mwa fungu. Basi iachie *ka* itangulie pigo, kama mpiga ngoma anayenyanyua mkono kabla ya kuushusha, kisha rudia bila kupumzika: ka-*RI-bu-ka*-*RI-bu-ka*. Kila *RI* ni pigo, ipige kwa mguu. Mikono ikipiga kwenye *RI* na kwenye *ka* peke yake, umesoma krocheti na kwava, mwendo ambao utakutana nao karibu katika kila ukurasa wa 6/8. Mikono ikipiga silabi zote tatu, hizo ni kwava tatu. Ikipiga *RI* tu na kutulia, hiyo ni krocheti yenye nukta. Kwa mifano hiyo mitatu utaweza kusoma sehemu kubwa ya wimbo wenu kabla ya zoezi lijalo.

Mwalimu, salamu. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja atafanya mtihani wa piano wa ABRSM, na usomaji wa papo hapo unamtia hofu hadi anasahau hata anayoyajua. Mimi mwenyewe sisomi nota. Nimsaidieje? – Mzazi, Nairobi

Mzazi mwenzangu, kwanza tuiweke hofu hiyo mahali pake. Katika mitihani ya vitendo ya bodi hiyo ya Uingereza, sehemu ya usomaji ina alama 21 kati ya 150, na mtahiniwa hupewa nusu dakika ya kuuangalia ukurasa, hata kujaribu sehemu yoyote, kabla ya kupiga kwa kupimwa. Mwambie binti yako kwamba nusu dakika hiyo ni yake na inatosha. Watoto wengi huipoteza kwa kupiga kipimo cha kwanza mara tatu, na kipimo cha kwanza ndicho kilicho rahisi zaidi.

Mfundishe kuitumia hivi: atazame tarakimu mbili za mwanzo ajue kuna mapigo mangapi, atafute kwa macho kipimo kilichojaa nota kuliko vingine, akigonge kwa kidole juu ya goti huku akihesabu kimoyomoyo, na mwendo ambao kipimo hicho kimekubali ndio uwe mwendo wa ukurasa wote. Zikibaki sekunde chache, atazame nota ya mwisho inashikwa mapigo mangapi, maana wengi huikata kwa furaha ya kufika.

Wewe usiyesoma nota unaweza kuwa msaidizi bora kuliko unavyodhani. Keti pembeni yake na upige pigo kwa penseli mezani, sawasawa, bila kupunguza anapokwama. Huhitaji kujua amekosea wapi. Sikiliza tu kama amesimama au amerudi nyuma kurekebisha, na hilo ndilo la kumkumbusha. Akipiga nota isiyo sahihi mahali pake na kuendelea, msifu. Kurudi nyuma kusahihisha nota moja huvunja pigo, na pigo likivunjika wimbo mzima umevunjika pamoja nalo. Wiki za mwisho kabla ya mtihani, muwekee saa ya simu kwa sekunde thelathini kila siku mbele ya mistari minne asiyowahi kuiona, ili nusu dakika hiyo iwe jambo la kawaida kwake, kama kupiga mswaki.

Jambo sana, mwalimu. Ninaongoza kwaya ya vijana. Sisi tulisoma kwa Kifaransa, tunasema nwari na kroshi. Vijana waliotoka Tanzania wanasema krocheti na kwava, na tunagombana. Tufuate majina gani? – Kiongozi wa kwaya, Lubumbashi

Jambo sana, ndugu. Ugomvi wenu una sababu ya kweli, kwa kuwa majina mawili yanafanana sauti na hayafanani maana. Nwari yenu, ile nyeusi yenye kijiti bila mkia, ndiyo krocheti ya hao vijana. Kroshi yenu, yenye mkia mmoja, ndiyo kwava yao. Kijana anayesikia “kroshi” akadhani ni krocheti atashika pigo zima mahali pa nusu, na kwaya itagawanyika vipande viwili katikati ya kipimo bila mtu kujua nani mkosaji.

Sioni sababu ya upande mmoja kuyaacha majina yake. Wakati wa zoezi wekeni yote kando na mtumie sauti za kutamka, *taa* kwa pigo zima na *taatai* kwa nusu mbili, ambazo hazina lugha. Andika ubaoni vipimo vinne ambavyo hakuna aliyeviona. Nusu ya vijana wagonge pigo kwa miguu bila kutazama ubao kabisa, nusu nyingine wasome kwa kutamka na kupiga makofi. Unapopiga kofi moja kubwa, wabadilishane palepale bila pigo kusimama, waliokuwa wakigonga waendelee kusoma kutoka kipimo kilichofikiwa. Mara ya kwanza watachanganyikiwa. Acha wamalize hata hivyo, futa ubao, uandike vipimo vingine vinne.